Volkano za Virunga na Suala la Umbo

Mwenyeji wa Likasi hana volkano ya kumwonyesha mgeni. Shaba na kobalti ya Katanga imo katika miamba iliyojitanda tabaka juu ya tabaka chini ya maji ya kale, wala haikutapikwa na mlima. Hata hivyo, mzee aliyefanya kazi kwenye tanuri za Panda ameona mavi ya madini yakitiririka kama uji, kisha yakaganda meusi. Huyo ataielewa hoja yetu upesi kuliko wengi.

Vitabu vya shule huainisha volkano kwa maumbo: iliyo pana kama ngao iliyolazwa, iliyochongoka kwa tabaka za lava na majivu, na vilima vidogo vya kokoto, kama kile cha Goma kilicho kando ya Ziwa Kivu. Nasi twaona kwamba umbo ni matokeo tu. Asili yenyewe ni hali ya ule ujiuji wa mawe. Ukiwa na silika nyingi huwa mzito, huzuia gesi, na hatimaye hulipuka, kama ilivyotokea Pinatubo, nchini Ufilipino, mwezi Juni 1991. Ukiwa na silika kidogo hutiririka mbali na kujenga mlima mpana.

Virunga zote mbili zinazowaka zimo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Hapo gamba la dunia linavutwa na kuwa jembamba, mawe ya moto yaliyo chini hupanda, na kwa kupungukiwa na mgandamizo huyeyuka. Nyamulagira, wenye mita 3,058, ni ngao halisi. Nyiragongo, wenye mita 3,470, ni jirani yake tu, lakini umesimama wima, na anayefuata vitabu angetazamia lava nzito. Kumbe lava yake ni miongoni mwa zilizo nyepesi kabisa duniani. Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava hiyo ndani ya kreta mwaka 1948.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Katika mteremko mkali, lava nyepesi ilikwenda kasi kuliko mtu akimbiaye, na vijiji vikafikiwa kabla ya watu kutoka. Wima ule ambao wengine huuona kuwa ni dalili ya lava ya polepole ndio uliowaua.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini, na kiasi cha asilimia 13 ya mji wa Goma kikateketea, pamoja na sehemu ya njia ya ndege. Lava ilirudi tarehe 22 Mei 2021, ikakomea Buhene, ukingoni mwa mji. Usiku huo maelfu walikwisha kuvuka mpaka kuingia Gisenyi.