Jiwe la Mama, Bei ya Dalali

Kila nipandapo Voi hujiuliza: tsavorite, kito cha kijani chenye jina la Tsavo, kinamtajirisha nani? Si mama anayechekecha kifusi juani. Yeye huuza papo hapo, bila kujua thamani. Dalali ana tochi na mizani, mama ana macho tu.

Sheria ya Madini ya 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo. Kibali hutolewa katika kaunti kwa Mkenya mtu mzima ambaye anaweza kuwa mwanachama wa kikundi au ushirika wa wachimbaji, nacho hudumu hadi miaka 3. Hakuna palipoandikwa awe mwanamume. Lakini shamba lina jina la mume na daftari la kikundi lina majina ya wanaume, basi mama hubaki kibarua.

Dada zangu, andikisheni majina yenu wenyewe. Jiwe lithaminiwe kwanza; kituo cha vito cha Voi kilijengwa kwa kazi hiyo. Na ile asilimia 10 ya mrabaha iliyowekewa jamii, ulizeni barazani ni kina mama wangapi wanaokaa penye kuigawa.