Fidla za Ireland katika mitaa ya Bronx

Mwaka 1975, Liz Carroll, binti wa miaka 18 aliyezaliwa Chicago, alivuka bahari kwenda nchi ya wazazi wake akatwaa ubingwa wa fidla wa Ireland nzima, daraja la wakubwa. Mzaliwa wa Marekani aliwashinda wenye muziki nyumbani kwao. Ushindi huo ulikuwa na mizizi ya miaka mingi.

Njaa kuu ya Ireland ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani, iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine wengi kwao. Waliofika Marekani walibeba tuni zao kichwani, na huko ndiko zilikohifadhiwa kwa bidii ya kushangaza. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyewahi kuwa baharia, alipanda cheo hadi akawa mkuu wa polisi wa Chicago mwaka 1901. Kumbukumbu yake ilikuwa kali, ila kuandika noti hakujua. Kazi hiyo aliifanya polisi mwenzake, James O'Neill: huyu akitoa tuni, yule anaiandika. Kitabu chao cha 1903 kilikusanya tuni 1,850, hazina ambayo wapigaji wanaichota hadi leo.

Kisha ikaja santuri. Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, aliingia Marekani mwaka 1914, na kuanzia 1921 alirekodi mjini New York. Santuri zake zilirudi Ireland, na vijana wa vijijini wakakesha wakimwiga. Mtindo wa Sligo ukaenea kila kona, hata mitindo ya wilaya nyingine ikaanza kufifia. Hasara hiyo haifai kusahauliwa, maana kila wilaya ilikuwa na mkono wake.

Katika miaka ya 1960 watoto wengi wa wahamiaji walivutwa na roki, na muziki wa wazee ukahitaji walimu wenye subira. Martin Mulvihill, mzaliwa wa Limerick, alifika New York mwaka 1965 akafungua darasa katika mtaa wa Bronx. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Eileen Ivers, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa fidla wa Ireland mara tisa. Mtaani humohumo Jack Coen, mzaliwa wa Galway, alimfundisha filimbi Joanie Madden, binti wa mpiga kodiani. Mwaka 1984 Madden akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa Ireland wa filimbi ndogo ya bati kwa wakubwa.

Hapo awali majukwaa yalikuwa ya wanaume zaidi. Mick Moloney, mwanamuziki na mtafiti kutoka Limerick, aliona kwamba kizazi hiki kipya kimejaa mabinti wenye vipaji vikubwa. Mwaka 1985 akaandaa maonyesho yao mjini New York, na hapo likazaliwa kundi la Cherish the Ladies, lililopewa jina la tuni ya kale ya densi. Ivers na Madden walikuwamo. Ivers alikuja kusikika duniani kote kupitia onyesho la Riverdance. Madden alibaki kuliongoza kundi.

Sifa kubwa zaidi ni ya walimu, na Marekani yenyewe ililitambua hilo. Miongoni mwa hawa, tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi alitangulia kuipata Mulvihill, mwaka 1984, kisha Coen mwaka 1991 na Carroll mwaka 1994. Mwaka 2021 ikamfikia Madden, mwanafunzi wa Coen.