Vichocheo vya Atomi Moja Moja na Kazi Yake Katika Kubadili Hewa Ukaa

Hewa ukaa, ambayo wanakemia huiita kaboni dioksidi, ni gesi tulivu mno. Kila molekuli yake ina atomi moja ya kaboni iliyoshikwa na atomi mbili za oksijeni kwa vifungo imara. Kiwango chake angani kimepanda kutoka takribani sehemu 280 katika kila milioni kabla ya mapinduzi ya viwanda hadi kuzidi sehemu 420 hivi sasa. Njia mojawapo ya kuigeuza kuwa malighafi ni kuiunganisha na hidrojeni, kazi isiyoweza kwenda kwa kasi ya kufaa viwandani bila kichocheo, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko pasipo yenyewe kumalizika.

Vichocheo vingi vya aina hii ni chembe za metali zilizotandazwa juu ya oksidi. Baadhi ya metali hizo, kama platinamu na rodiamu, ni adimu na bei yake ni kubwa. Katika chembe yenye maelfu ya atomi, zile zilizofichika ndani hazikutani na gesi kabisa. Zimenunuliwa kwa gharama ileile, lakini hazifanyi kazi. Kichocheo cha atomi moja moja huondoa upotevu huo, kwa kuwa kila atomi ya metali hukaa peke yake juu ya uso wa oksidi. Jina hilo lilienea kuanzia mwaka 2011, pale Tao Zhang wa Taasisi ya Fizikia ya Kemia ya Dalian, nchini China, na wenzake walipochapisha utafiti kuhusu platinamu iliyowekwa juu ya oksidi ya chuma. Mmenyuko waliouchunguza ulikuwa wa kuunguza kaboni monoksidi. Hewa ukaa ilifuata baadaye.

Hata hivyo, kubana matumizi ya metali si faida pekee, na pengine si iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2015, kundi la Phillip Christopher, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha California, Riverside, lilionesha kwamba rodiamu juu ya oksidi ya titaniamu hutoa mazao mawili tofauti kulingana na mpangilio wa atomi zake. Atomi zilizotengana huzalisha kaboni monoksidi, ilhali chembe zilizokusanyika huzalisha methani. Kupata methani hulazimu kuondoa oksijeni zote mbili na kupachika hidrojeni nne kwenye kaboni. Kazi hiyo huhitaji atomi za metali zilizo jirani, na atomi iliyo peke yake haina jirani. Kaboni monoksidi huondoka kabla safari haijakamilika. Tofauti hiyo ina uzito, kwani kaboni monoksidi ikichanganywa na hidrojeni ni msingi wa kutengenezea mafuta na kemikali nyingi, wakati methani ni gesi ya kuchoma. Watafiti hao waliona vilevile kwamba hewa ukaa ikizidi katika mchanganyiko, chembe za rodiamu huvunjika na kuwa atomi moja moja, na zao hubadilika.

Oksidi, kwa hiyo, si sinia la kubebea tu. Atomi za metali zikipata joto hutembea na kujikusanya, na oksijeni zilizo juu ya uso wa oksidi ndizo huzishika zisiende. Mwaka 2016, Abhaya Datye wa Chuo Kikuu cha New Mexico na wenzake walieleza jinsi platinamu, ikipashwa joto hewani hadi nyuzi 800 za Selsiasi, inavyoihama oksidi ya alumini na kunaswa juu ya oksidi ya seriamu. Aidha, oksidi ya seriamu hupoteza oksijeni kwa urahisi, na nafasi inayobaki wazi inaweza kupokea oksijeni ya hewa ukaa, huku metali ikipasua hidrojeni. Tatizo ni kwamba hidrojeni hiyohiyo hulegeza vifungo vinavyoishikilia atomi, nayo ikalegea na kuungana na nyingine. Asomaye dai la atomi moja moja hana budi kuuliza kama picha ya hadubini ya elektroni ilipigwa kabla ya mmenyuko au baada yake.

Ipo pia hesabu ya hidrojeni. Molekuli moja ya hewa ukaa huhitaji molekuli tatu za hidrojeni ili kuwa methanoli, na nne ili kuwa methani. Sehemu kubwa ya hidrojeni duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, kazi inayotoa hewa ukaa nyingine. Ikitumiwa hidrojeni ya namna hiyo, hata kichocheo bora hakipunguzi mzigo angani. Yahitajika hidrojeni iliyotengwa kutoka kwenye maji kwa umeme safi.

Kwa sasa viwanda vya methanoli vinaendelea kutumia shaba pamoja na oksidi za zinki na alumini, katika nyuzi joto 200 hadi 300 na kanieneo ya mara 50 hadi 100 ya ile ya angahewa. Shaba ni nafuu mno ikilinganishwa na rodiamu, hivyo hoja ya kuokoa metali haina nguvu huko. Nafasi ya atomi moja moja iko zaidi pale zao linapotakiwa liishie kwenye kaboni monoksidi.