Mafundi wa Baraza la Munza

Hapa kwetu Hombo, Kongo, nyumba ya miti hukandikwa udongo kwa kiganja. Sogea karibu na ukuta uone michirizi ya vidole iliyokaukia humo. Jirani atakuambia ni mkono wa nani. Ndiyo maana kila nisomapo habari za Munza, mfalme wa Wamangbetu kule Uele, kaskazini mwa Kongo, natafuta kwanza majina ya mafundi. Sijayapata hata siku moja.

Machi 1870 Georg Schweinfurth, Mjerumani mtaalamu wa mimea, aliingia katika makao ya Munza. Baraza kubwa alilolikuta huko lilikuwa na urefu wa futi 150, upana 60 na kimo 50. Paa lilipinda juu kama mtumbwi uliofudikizwa, likajengwa kwa vijiti vya miwale vilivyong'aa rangi ya kahawia. Sakafu ilikuwa udongo mwekundu uliopondwa ukawa mgumu, laini kabisa. Kupinda paa la ukubwa huo kwa miti na kamba pekee ni kazi ya watu waliorithishana ufundi, na mimi nawaita mabingwa bila kusita.

Wakati huohuo, mjini Paris, katika kasri la Tuileries, malkia Eugénie alikuwa na chumba cha maua kilichopambwa na Charles Chaplin, mchoraji aliyependwa na jumba hilo la kifalme. Mei 1871 kasri likachomwa moto katika uasi wa watu wa Paris ulioitwa Komuni. Mwaka 1873 Munza naye akauawa, na ufalme wake ukasambaratika. Kazi ya Chaplin iliteketea, jina lake likabaki vitabuni. Kwa baraza la Munza limebaki jina la mfalme peke yake.

Ufundi wenyewe haukufa. Mnamo 1910 Herbert Lang, aliyetumwa na jumba la makumbusho la New York, alipiga picha baraza la Okondo, chifu wa Wamangbetu. Baadaye, enzi za Wabelgiji, kijiji cha Ekibondo kikavuma kwa kuta zake: pembetatu na mistari ya kupindapinda, nyeupe, nyeusi na nyekundu. Mpiga picha Casimir Zagourski alizipiga picha kuta za Wamangbetu akaziuza kama kadi za posta, nazo zikasafiri hadi Ulaya.

Ewe uliye Isiro, Niangara au Rungu, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyewahi kuchora ukuta au kupinda paa la baraza, muulize alifundishwa na nani. Kisha liandike jina hilo.