Mke wa Rais Tunamjua, Je Wale Wanawake 606 wa Harlem?

Wadau, Oktoba ikifika shughuli yake mnaijua. Mitandao yote inageuka pinki, mastaa wanavaa utepe, na kila mtu anakumbushwa akacheki matiti. Ni jambo jema kabisa. Ila kuna stori moja ya Marekani, ya miaka mingi kidogo, inayoonyesha kwamba kumwambia mtu "nenda kapime" ni kitu kimoja, na mtu huyo kufika kwenye kipimo na kutoka na matibabu ni kitu kingine kabisa. Twende nayo taratibu.

Tuanzie mwaka 1974. Betty Ford alikuwa na wiki chache tu tangu mume wake awe rais. Madaktari wakamkuta na uvimbe kwenye titi, na Septemba 28 akafanyiwa upasuaji, titi likaondolewa. Enzi hizo kansa ya matiti ilikuwa ni habari ya kunong'onezana, wengine hata jina hawakulitaja. Yeye akakubali nchi nzima ijue. Wiki tatu hazijaisha, Happy Rockefeller, mke wa mwanasiasa aliyekuwa ameteuliwa kuwa makamu wa rais, naye akaingia chumba cha upasuaji kwa ugonjwa huohuo.

Nchi ikashtuka. Wanawake wakaanza kujikagua na kumiminika kwa madaktari, mpaka idadi ya waliogundulika na kansa ya matiti ikapanda ghafla. Sio kwamba ugonjwa uliongezeka, watu walikuwa wanapima. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu maarufu kusema ukweli wake, na hapo lazima tumpe mama wa watu heshima yake.

Lakini jiulize: daktari unampigia simu kama unaye. Asiye na daktari, asiye na bima, anayelipwa kwa siku, yeye alimpigia nani?

Hapo turudi nyuma kidogo, mpaka New York mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 jiji hilo lilianza utafiti mkubwa wa kwanza wa kuangalia kama mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, inaokoa maisha kweli. Wanawake wapatao 62,000 wa umri wa miaka 40 hadi 64 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likaitwa kupima kila mwaka, lingine likaendelea na huduma zake za kawaida. Matokeo yalipotoka, vifo vya kansa ya matiti kwenye kundi lililoitwa vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi moja. Utafiti huo ndio uliofungua mlango wa vipimo tunavyovisikia leo.

Sasa sikia hii. Wanawake wote wale walikuwa wanachama wa mpango mmoja wa bima ya afya. Ndio maana ilikuwa rahisi kuwapata: majina yapo, faili zipo, madaktari wapo.

Jiji ni hilohilo, na miaka ni hiyohiyo. Panda treni uende Harlem, mtaa wa watu weusi kaskazini mwa Manhattan, uingie hospitali ya umma ya pale. Kuanzia 1964 hadi 1986, wanawake 606 walitibiwa kansa ya matiti hospitalini hapo. Asilimia 94 walikuwa weusi, karibu wote wa kipato cha chini, na nusu yao hawakuwa na bima yoyote walipofika mara ya kwanza. Karibu nusu, asilimia 49, walifika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani ugonjwa umeshakomaa au umeshasambaa. Waliowahi kufika hatua ya kwanza kabisa? Asilimia 6 tu.

Baada ya miaka mitano, waliokuwa bado hai ni asilimia 39.

Ukitaka kujua namba hiyo ina uzito gani, linganisha. Kitaifa, katikati ya miaka ya 1970, karibu asilimia 75 ya wanawake wazungu waliougua kansa ya matiti walifikisha miaka mitano. Kwa wanawake weusi ilikuwa karibu 63. Kwa hiyo hata ukimlinganisha mwanamke wa Harlem na mweusi mwenzake wa Marekani kwa ujumla, bado alikuwa chini sana. Ubaguzi ulikuwepo na uliumiza. Juu yake ukawekwa umaskini.

Daktari aliyelishikilia jambo hili alikuwa Harold Freeman, mpasuaji mweusi aliyefika Harlem mwaka 1967. Alikuja na kisu, akakuta kisu hakina kazi kubwa kwa sababu wagonjwa wanafika wamechelewa. Watu wengi wangesema hawa wanawake hawana elimu, hawajali afya zao. Yeye akaanza kuuliza maisha yao yakoje. Ukiwa na watoto wa kulisha leo, kodi ya nyumba wiki ijayo, na uvimbe ambao hauumi, utaanza na kipi? Na uvimbe wa kansa ya titi mwanzoni mara nyingi hauumi kweli.

Mwaka 1979 akafungua kliniki za kupima matiti bure pale Harlem. Hapo wengi tungepiga makofi na kufunga stori. Bure imeshapatikana, shida nini tena?

Shida ikaonekana baada ya kipimo. Mwanamke anapima, anaambiwa kuna kitu hakieleweki, inabidi akatwe kinyama kikachunguzwe. Hapo ndipo wengine walipopotea. Dirisha hili linataka karatasi, dirisha lile linauliza bima, miadi ni ya wiki tatu mbele, bosi hatoi ruhusa, mtoto hana wa kumwangalia, na moyoni kuna hofu kwamba ukishakatwa tu ndio umekwisha. Mwaka 1989 Shirika la Kansa la Marekani, wakati huo Freeman akiwa rais wake, lilitoa ripoti baada ya kuzunguka miji kadhaa kuwasikiliza maskini wenye kansa. Walichosema kilikuwa kilekile: vikwazo kila kona, kujinyima mambo ya msingi ili upate matibabu, na wengine walishakata tamaa kabla hata hawajaanza.

Mwaka 1990 Freeman akajaribu kitu ambacho hakikuhitaji mashine mpya. Aliweka wasindikizaji. Watu wa kawaida, wanaoijua jamii ile, wakafundishwa kazi moja: ukimpata mwanamke mwenye majibu yenye wasiwasi, usimwachie mkono mpaka afike mwisho. Karatasi zikikwama, mnazihangaikia wote. Akiogopa, unakaa naye. Asipotokea siku ya miadi, unamtafuta.

Matokeo yakaongea. Kati ya waliopata msindikizaji, asilimia 87.5 walikamilisha kipimo cha kinyama. Kati ya wasiopata, ni asilimia 56.6. Na hospitali ilipohesabu tena wagonjwa wake 325 wa miaka ya 1995 hadi 2000, waliofika hatua ya tatu na ya nne walikuwa wameshuka hadi asilimia 21. Waliofikisha miaka mitano walikuwa 70. Kutoka 39 hadi 70! Tuwe wakweli, sio yote ni kazi ya wasindikizaji. Dawa ziliboreka, na ugonjwa ukigundulika mapema hata hesabu ya miaka inaanza mapema. Lakini kufika mapema, hilo lilitokana na kliniki ya bure pamoja na mtu wa kukushika mkono.

Serikali yenyewe ilichelewa kulielewa somo. Mwaka huohuo wa 1990 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapima wanawake wa kipato cha chini matiti na shingo ya kizazi. Safi. Ila pesa zile zilikuwa za kupima, sio za kutibu. Yaani unaambiwa una kansa, halafu matibabu ujue mwenyewe utayapata wapi. Ilipita miaka kumi, mpaka 2000, ndipo ikaja sheria ya kuziwezesha serikali za majimbo kuwalipia matibabu waliogundulika kupitia mpango huo.

Jina la Betty Ford limebaki kwenye vitabu, na anastahili. Wale 606 wamebaki namba kwenye jedwali. Hatujui nani alikuwa anafua nguo za watu, nani alikuwa na wajukuu wangapi. Tunachojua ni kwamba wengi wao walifika wakiwa wamechelewa, na hawakuchelewa kwa uzembe.

Kwa hiyo msimu wa pinki ukija, post utepe wako, hamna shida. Halafu mwangalie dada anayekusaidia kazi nyumbani, au yule mama ntilie unayekula kwake kila mchana. Siku akienda kupima, jiko atamwachia nani? Akiambiwa arudi Alhamisi, nauli anayo? Labda ujumbe anaouhitaji kutoka kwako sio "kapime dada". Ni "Alhamisi nitakuwa na nafasi, twende wote."

Wewe umeshawahi kumsindikiza nani?