Mtoto Aliyekinzana na Sheria: Maana na Mipaka ya Istilahi

Istilahi "mtoto aliyekinzana na sheria" hutumika katika uwanja wa sheria na ustawi wa jamii kumtaja mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18 na ambaye anatuhumiwa, ameshtakiwa au ametiwa hatiani kwa kosa la jinai. Nchini Tanzania istilahi hii imezoeleka katika nyaraka za serikali na miongoni mwa maofisa ustawi wa jamii, na imechukua nafasi ya majina ya zamani kama "mtoto mhalifu" na "mtoto mtukutu", ambayo bado yanasikika mitaani na kusomwa magazetini. Kila moja ya majina hayo hubeba msimamo wake kuhusu mtoto ni nani na jamii inawajibika vipi kwake, na kwa sababu hiyo uchaguzi wa jina haupaswi kuchukuliwa kuwa jambo dogo.

Kwa Kiingereza, lugha ya sheria zilizoileta dhana hii Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, dhana hii ilijulikana kwa jina la juvenile delinquency, ambalo neno lake la pili linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuacha au kukiuka wajibu. Upana wa neno hilo ulikuwa mkubwa mno, kwani lilijumuisha wizi na kujeruhi pamoja na utoro wa shule, kutoroka nyumbani na ukaidi kwa wazazi. Mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani, iliyoanza kazi Chicago mwaka 1899, ilijengwa juu ya imani kwamba dola ni mzazi wa mtoto aliyekosa malezi, na kwamba mzazi hahitaji kufungwa mikono na taratibu za kesi. Imani hiyo ilikuwa na wema ndani yake, lakini ilizaa dhuluma. Katika shauri la Gault, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1967, mvulana wa miaka 15 wa Arizona alikuwa ameamriwa kukaa katika shule ya kurekebisha tabia hadi atimize miaka 21 kwa madai ya kupiga simu yenye maneno machafu, kosa ambalo mtu mzima angelipia faini isiyozidi dola 50 au kufungwa muda usiozidi miezi miwili. Mahakama ilitamka kwamba mtoto naye ana haki ya kuelezwa mashtaka, kuwa na wakili na kuwahoji mashahidi wanaomshuhudia vibaya. Tangu hapo haki kwa watoto imekuwa ikisimama juu ya nguzo mbili, yaani malezi na haki za mshtakiwa, na istilahi yoyote inayofaa lazima ibebe zote mbili.

Majina ya zamani ya Kiswahili hayabebi uzito huo. "Mtukutu" ni mtoto asiyetulia wala kusikia la mkubwa, na kila mzazi amewahi kumwita mwanawe hivyo bila kumtuhumu jinai. Jina hilo likipelekwa mahakamani huchanganya ukosefu wa adabu na uvunjaji wa sheria. "Mhalifu" kwa upande wake lina uwazi wa kisheria, ila humtambulisha mtoto kwa tendo lake tu, hata kama tendo lenyewe ni kuiba simu siku moja sokoni. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Kuzuia Uhalifu wa Watoto ya mwaka 1990, ijulikanayo kama Miongozo ya Riyadh, inatahadharisha kwamba kumbandika kijana jina la mhalifu mara nyingi huchangia kumjengea tabia mbaya ya kudumu, na inakumbusha kuwa matendo mengi ya utovu wa nidhamu ni sehemu ya kukua na hutoweka yenyewe mtoto anapoingia utu uzima.

Kitenzi "kinzana" kinatokana na "kinza", yaani kuzuia au kupinga, na kiambishi cha kutendana kinachoonyesha kwamba upinzani uko kati ya pande mbili. Umbo hilo lina ukweli ambao majina ya awali yaliuficha, kwani zipo nyakati ambapo mtoto hakuiendea sheria bali sheria ndiyo iliyomwendea yeye, kama inavyotokea mtoto anayelala kwenye baraza ya duka anapokamatwa kwa uzururaji, ilhali kosa lake ni kutokuwa na mahali pengine pa kulala. Njeo nayo ina maana yake: "aliyekinzana" hulitaja tendo kama jambo lililokwisha, "anayekinzana" huligeuza kuwa mwenendo unaoendelea, na zote mbili humhukumu mapema mtoto ambaye bado hajasikilizwa. Kabla ya mahakama kuamua, kauli iliyo sahihi ni "mtoto anayedaiwa kukinzana na sheria", kwa kuwa Ibara ya 40 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inamhakikishia kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

Katika Tanzania Bara, maana ya istilahi hii inajengwa na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, iliyofuta sheria ya kikoloni ya mwaka 1937 ambayo ulinzi wake uliishia chini ya miaka 16. Umri wa kuwajibika kijinai umewekwa na Kanuni ya Adhabu: aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki ila ithibitike kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda. Mahakama ya Watoto huketi faraghani, mbele ya ofisa ustawi wa jamii na mzazi, mlezi au ndugu, na huendesha shauri kwa njia ya kuuliza, isiyomweka mtoto katika mabishano ya kawaida ya mahakamani. Mtoto huelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa, hupewa nafasi ya kutoa maelezo na maoni yake, na hufahamishwa haki yake ya kukata rufaa. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Panapohitajika hatua nzito, hupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya.

Kenya imepiga hatua katika mwelekeo huohuo. Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2001 ilipiga marufuku kutumia maneno yenye maana ya "kutiwa hatiani" na "hukumu ya adhabu" kwa mtoto aliyeshughulikiwa na Mahakama ya Watoto, na Sheria ya mwaka 2022 ikapandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12.

Hata hivyo, istilahi njema haiwezi kufanya kazi peke yake. Jina "shule ya maadilisho" limeundwa kutokana na adili, na hivyo linatoa ahadi ya kufunza. Lakini mahali ambapo mtoto husubiri shauri lake bado panaitwa "mahabusu ya watoto", jina linalomweka karibu na mahabusu wa gerezani kabla hajaulizwa neno. Wahenga walionya kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa mtoto aliyekamatwa ulimwengu huo ni askari aliyemshika, ofisa ustawi wa jamii anayechunguza hali ya nyumbani kwao na hakimu anayemsikiliza. Watu hao wakilitumia jina jipya huku wakimfungia mtoto chumba kimoja na watu wazima, au wakiliacha shauri lake lilale miezi bila sababu, watakuwa wamebadilisha maandishi ya jalada tu. Istilahi hii itakuwa imetimiza kazi yake pale ambapo kila anayeitamka ataona kwamba imemkabidhi wajibu: kulishughulikia kosa kwa ukamilifu, na kumrudisha mtoto kwao akiwa bado mtoto.