Mafuta yakimwagika: Goma 2002, Sange 2010, na sheria zetu

Juma hii ninawaletea historia ya kitu tunachokaa nacho kila siku bila kukiogopa: mafuta ya motokari. Hapa Munigi unaipata kwa bidon, pembeni ya barabara, kwa wale vijana tunaowaita kadhafi. Juu ya hayo mafuta tuna sheria, tena si moja. Lakini watu wetu wamekufa mara mbili kwa namna ileile, na ninaona sheria hizo zinatazama upande mwingine.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Wengi wanafikiri moto ulitoka tu kwenye shimo la juu. Hapana. Ardhi ilipasuka upande wa kusini wa mlima mpaka hapa Munigi, na kutoka hapa lava ikashuka, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa Kivu. Siku ine kisha, tarehe 21, kituo kimoja cha mafuta kikalipuka mjini. Lava ilikuwa ingali na moto pale karibu, na watu walikuwa wanachota mafuta. Makumi wakafa palepale. Mpaka leo kuna wanaowaita wezi. Mimi siwezi. Mji umeungua, duka hakuna, na bidon moja ya esanse ni chakula cha nyumba nzima.

Kule Sange, Kivu ya Kusini, kati ya Bukavu na Uvira, haikuwa volkano. Tarehe 2 Julai 2010, magaribi, kamio ya mafuta ilipinduka ndani ya kijiji. Mafuta yakatiririka, watu wakakimbilia na masufuria na mabidon. Wengine walikuwa wamejaa ndani ya nyumba wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, ukafuata mafuta mpaka kwenye nyumba za udongo na majani. Zaidi ya watu 230 walikufa, watoto ni wengi. Hata yule ambaye hakuchota tone moja moto ulimkuta.

Sasa sheria. Tangu wakati wa Wabelgiji kulikuwa amri ya 1953 juu ya majengo na viwanda vya hatari: kabla ya kufungua, uombe ruhusa, na majirani waulizwe. Kisha Sange ndipo ikaja sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira, yenye ile kanuni kwamba anayechafua ndiye analipa. Mwaka 2013, amri nambari 13/015 ikapanga upya mambo ya ruhusa. Si mbaya, nazisifu. Lakini zinaongea zaidi na mwenye depo, tena kabla ya ajali, ama zinamuita kisha, alipe. Ile saa moja ya katikati, mafuta yakiwa chini na watu wakifika na bidon, ndiyo iliyoua Goma na Sange.

Sisi wa agronomi tunaweza kuongeza neno moja hapa. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini na kutafuta mashimo. Unaweza kusimama mbali na kamio, mvuke uko tayari miguuni pako, na mtu mmoja nyuma yako akawasha sigara. Na Munigi tuko juu ya makoro: udongo kidogo juu, chini mawe yenye nyufa kila mahali. Kule kwenye udongo wa mfinyanzi mafuta yanakaa juu kidogo, unaweza kuyazuia kwa kuchimba mfereji. Hapa yatazama mbele hujapata jembe. Mwenye maharagwe yake pale shambani atamdai nani, na kwa kipimo gani, wakati mafuta hayaonekani tena?

Kamio za mafuta zinapita barabara ya Rutshuru, zinagusana karibu na chukudu zilizobeba makala. Kazi ya kwanza siku moja ikipinduka ni ndogo: kusimamisha watu mbali, upande upepo unakotoka, kuzima majiko na mapikipiki. Haihitaji mashini. Inahitaji mtu anayejulikana mbele ya ajali, mwenye neno linalosikiwa kwenye avenue. Na hapa kwetu, kwenye groupement, nimeuliza wazee wawili na mkubwa mmoja wa avenue: kila mmoja alinionyesha mwenzake.